Kuchunguza Maisha ya Mjini katika Koloni la Kirumi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mwaka 312 KK Roma iliwapeleka walowezi 4,000 kwenye bonde la mto Liri, kusini-mashariki mwa jiji hilo, wakaanzishe mji wa Interamna Lirenas. Ilikuwa katikati ya vita dhidi ya Wasamniti, watu wa milima ya Italia, na mashamba waliyogawiwa yalikuwa na wenyewe kabla yao. Ukifika pale leo utakuta konde tupu. Hakuna nguzo iliyosimama wala lango la kupigia picha, na kwa muda mrefu wasomi waliuhesabu mji huo miongoni mwa ile iliyofifia mapema.

Kuanzia 2010 timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya Alessandro Launaro na Martin Millett, iliupima mji mzima, karibu hekta 24, kwa sumaku na kwa rada, kisha ikachimba sehemu chache tu. Picha iliyotoka ni nyingine kabisa: ukumbi wa maonyesho wenye paa uliotosha watu 1,500 hivi, hamamu, soko la mifugo, ghala la mita 40 kwa 12 karibu na mto, na wakazi waliofikia takriban 2,000 mji uliposhamiri. Uhai huo uliendelea hadi ndani ya karne ya 3 BK, nyuma sana ya tarehe iliyodhaniwa.

Interamna itakuwa mfano mkuu wa mwongozo huu. Nitaazima pia kutoka Cosa, Pompeii, Osuna, Timgad, Colchester na York, miji ambayo yote ilikuwa makoloni kwa wakati wake. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: maisha ya mji yamo katika taka, masizi, tope la mferejini na sakafu zilizokanyagwa, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mchimbaji mwenye haraka huvitupa kwanza akikimbilia mawe yaliyochongwa. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kuzuia hasara hiyo.

Hatua ya 1: Jua ni koloni la aina gani, kisha uliza swali linaloweza kujibiwa na udongo

Makoloni hayakuwa ya aina moja. Yale ya raia wa Kirumi ya karne ya 4 KK yalikuwa vituo vidogo vya ulinzi pwani; Terracina, 329 KK, ilipewa familia 300 tu. Makoloni ya Kilatini, kama Interamna na Cosa, yalipokea maelfu ya walowezi ambao hawakuwa na uraia kamili wa Roma. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yakaja ya wanajeshi wastaafu: Pompeii ilifanywa koloni mwaka 80 KK chini ya jemadari Sulla, ingawa ulikuwa mji wenye karne kadhaa na wenyeji wake walikuwa bado wamo ndani. Timgad, huko Algeria, ilijengwa kutoka mwanzo kabisa mwaka 100 BK kwa amri ya kaizari Trajan. Na ipo miji mingine iliyopewa jina la koloni kama heshima tu, bila mlowezi hata mmoja kutumwa.

Aina hiyo ndiyo inayokuambia nini cha kutafuta. Pompeii utauliza wenyeji na wageni waliishije mtaa mmoja. Timgad utauliza mji uliopimwa kwa kamba ulibadilikaje baada ya vizazi viwili. Interamna utauliza jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote: ikiwa walowezi walikuwa 4,000, tena wanaume peke yao bila kuhesabu wake na watoto, na mji haukubeba zaidi ya watu 2,000 hivi, basi wengi waliishi mashambani. Sasa mji ulikuwa wa nini kwao? Swali hilo lina majibu yanayoshikika: soko, ghala, hamamu, ukumbi wa maonyesho.

Epuka maswali kama "utamaduni wa Kirumi ulikuwaje?" Hakuna shimo linaloweza kulijibu. Uliza nani alipata maji nyumbani na nani aliyachota mtaani. Uliza nyama ililiwa wapi, au lini duka liligeuzwa nyumba.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mwandishi wa karne ya 2 BK, Aulus Gellius, aliyaita makoloni sanamu ndogo za Roma yenyewe. Sentensi hiyo imewapotosha wachimbaji wengi. Cosa, lililoanzishwa 273 KK kwenye pwani ya Toscana, lilichimbwa kuanzia 1948 na American Academy in Rome chini ya Frank Brown, na lilisomwa kama Roma iliyopunguzwa ukubwa. Uchimbaji wa miaka ya 1990 ulioongozwa na Elizabeth Fentress ulionyesha mji uliopanda na kushuka: miaka mirefu ya utupu, watu wakarejea, majengo mengi ya fahari yakaja baadaye kuliko ilivyofikiriwa. Hata maandishi yalikuwa yamedokeza hivyo, kwa kuwa mwaka 197 KK Cosa waliomba walowezi wa ziada wakapewa 1,000. Mji wenye afya hauombi watu.

Hatua ya 2: Soma maandishi kabla ya kugusa mwiko wa kuchimbia

Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haifanyiki juani. Nami nashauri uipe miezi.

Anza na sheria ya koloni la Urso, leo Osuna, kusini mwa Hispania. Koloni hilo liliagizwa na Julius Caesar na likaanzishwa 44 KK kwa ajili ya watu wa kawaida kutoka jiji la Roma. Mabamba ya shaba yenye sheria yake yalipatikana miaka ya 1870 na yako kwenye jumba la makumbusho la akiolojia la Madrid. Soma masharti yake ukifikiria ardhi. Kuzika au kuchoma maiti ndani ya mpaka wa mji ni marufuku, na faini ni sesta (sarafu za Kirumi) 5,000. Mahali papya pa kuchomea maiti pasiwe karibu na mji kuliko hatua 500 za Kirumi, yaani kama mita 740. Asibomoe mtu jengo mjini bila dhamana ya kulijenga tena au idhini ya baraza. Mtu asiwe na kiwanda cha vigae vya paa chenye uwezo unaozidi vigae 300. Kila mwanamume wa kati ya miaka 14 na 60 anaweza kudaiwa siku tano za kazi ya umma kwa mwaka, na kila jozi ya wanyama wa mkokoteni siku tatu.

Kila sharti hapo ni dhana ya kupimwa uwandani. Ukikuta kaburi ndani ya mstari wa kuta, ama mpaka ulikuwa umehama, ama sheria ilikuwa imekufa, ama mtoto mchanga alizikwa chini ya sakafu kwa desturi ya familia ambayo wakubwa waliifumbia macho. Ukikuta tanuru kubwa la vigae katikati ya mji, una habari. Kumbuka pia kwamba nakala tuliyo nayo ilichongwa miongo mingi baada ya koloni kuanzishwa, na kwamba sheria huandikwa kwa sababu kuna watu wanaofanya kinyume chake.

Baada ya hapo kusanya kila andiko la jiweni la mji wako. Hifadhidata ya Clauss-Slaby inapatikana bure kwenye intaneti na unaweza kutafuta kwa jina la mahali. Ramani ya Pleiades itakupa viwianishi. Andika kila jina, cheo, na hasa mahali jiwe lilipookotwa, kwa sababu mawe husafiri: mengi yamo kwenye kuta za makanisa na nyumba za shamba. Ukumbi wa Interamna ndiko ilikopatikana mwaka 2017 saa ya jua iliyochongwa jina la Marcus Novius Tubula, mtu wa mji huo aliyefika Roma akawa mtetezi wa umma. Jiwe moja likatuonyesha kwamba mji "mdogo" ulikuwa na watu waliofika mbali.

Hatua ya 3: Ramani na picha za angani

Hapa usikae sana, lakini usipite bila kuangalia. Wapimaji wa Kirumi waliigawa ardhi ya koloni kwa kifaa cha kupimia mistari kiitwacho *groma*, katika miraba ya takriban mita 710 kila upande. Barabara za mashamba na mitaro ya leo mara nyingi bado inafuata mistari hiyo. Tunisia na bonde la mto Po, Italia, unaiona hata kwenye picha za setilaiti. Pakia picha za zamani kwenye programu ya ramani ya QGIS, ambayo ni bure: picha za anga za Vita Kuu ya Pili kwa Italia, na za setilaiti za kijasusi za Marekani, CORONA, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zilipigwa kabla trekta na maghorofa havijafuta alama. Tafuta pia picha za kiangazi, kwa maana mazao yaliyoota juu ya ukuta hukauka mapema na yaliyoota juu ya mtaro hubaki mabichi.

Hatua ya 4: Tembea shamba

Subiri lilimwe na mvua moja ilioshe udongo. Gawa eneo katika miraba, watu wapange mstari, waachane mita tano hadi kumi, wakihesabu kila kigae cha paa na kila kipande cha chungu walichokiona. Vipande vya midomo, vitako na mishikio huchukuliwa. Vingine huhesabiwa na kuachwa. Andika pia uso wa ardhi ulionekana kwa kiasi gani, jua lilikaaje na nani alitembea mstari upi. Wapo wenye macho ya kuona vigae vyekundu wasione vyeusi, na usipoandika, ramani yako itaonyesha macho ya wafanyakazi badala ya mji.

Kosa la Interamna lilijificha katika usomaji wa vipande hivi hivi vya vyungu. Vyombo vizuri vya mezani vilivyotoka nje hujulikana tarehe zake, hivyo wengi walivitegemea peke yake. Vilipopungua, mji ulitangazwa kufa. Launaro na wenzake waliingiza katika hesabu, kwa maelfu, vyungu vya kawaida vya kupikia, vya rangi ya udongo, visivyopendeza kabatini. Vyungu hivyo viliendelea. Watu walikuwepo, wakipika, ila walikuwa wamebadilisha walichonunua. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote kwenye timu yako kusema "hicho ni cha kawaida, kitupe."

Hatua ya 5: Tazama chini bila kuchimba

Kipima sumaku hupelekwa kwa mistari ya nusu mita, ndani ya miraba ya mita 20 au 30. Huonyesha vizuri kilichoungua: matanuru, majiko, mashimo ya taka yenye majivu, na mitaro iliyojaa udongo mweusi. Anayekibeba asiwe na funguo, mkanda wa chuma wala simu. Nyaya za uzio na nguzo za umeme zitaharibu kipimo. Ziweke kwenye ramani ili usije ukazigeuza hekalu.

Rada ya kupenya ardhini hupeleka mawimbi ya redio chini na kusikiliza yakirudi. Kwa kuta za mawe haina mshindani, maana hukupa picha ya mji kipande kwa kipande kwa kina: sentimita 50, 75, mita moja. Antena ya megahezi 400 hadi 500, na mistari ya sentimita 25, hutosha kuona vyumba. Adui yake ni mfinyanzi wenye maji. Humeza mawimbi yote. Katika eneo la namna hiyo tumia kipimo cha ukinzani wa umeme.

Picha ikitoka, jizuie. Rada inaonyesha kuta zote pamoja, za karne ya 3 KK na za karne ya 4 BK, na jicho litataka kuziunganisha kuwa jengo moja. Chora kwanza unachokiona bila majina. "Chumba chenye sakafu ngumu, mita sita kwa nne" ni uchunguzi. "Chumba cha kulia" ni tafsiri, nayo ingoje.

Waliowahi kufanya kazi Songo Mnara, Kilwa, wanaifahamu thamani ya njia hii. Pale timu ya Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones ilitumia vipimo vya ardhini, kemia ya udongo na chembe za mimea kuchunguza nyumba pamoja na viwanja vilivyo wazi kati yake. Kwenye koloni la Kirumi viwanja vya wazi husahauliwa vivyo hivyo, kana kwamba mahali pasipo na ukuta hapakuwa na maisha.

Hatua ya 6: Kibali, na mahali pa kuchimba

Italia kibali hutoka Wizara ya Utamaduni. Tunisia ni Institut National du Patrimoine. Hakuna kinachochimbwa wala kinachoondoka bila wao, na ni haki. Ombi lako litauliza pesa za kuhifadhi na kufukia zimetoka wapi, kwa hiyo zipange mwanzoni.

Chagua mashimo machache kwa ajili ya swali lako. Kama unataka maisha ya mtaa, weka shimo litakalokata barabara, ukingo wake, kizingiti cha duka na chumba cha nyuma kwa pamoja. Shimo moja la namna hiyo lina faida kuliko hekalu zima, kwa sababu linaunganisha nje na ndani: taka zilitupwa upande gani, barabara iliinuliwa lini, na mwenye duka aliongeza ngazi lini ili asiingiliwe na maji.

Hatua ya 7: Chimba tabaka kwa tabaka

Kila tendo lililoacha alama ardhini lina namba yake: sakafu, udongo uliokusanyika juu ya sakafu, shimo lililochimbwa, na kilicholijaza. Shimo na kijazo ni namba mbili, kwa kuwa kuchimba na kujaza ni matendo mawili, pengine ya watu waliopishana miaka hamsini. Panga uhusiano wa namba hizo kwa mchoro alioubuni Edward Harris mwaka 1973, wa juu ni mpya, wa chini ni wa zamani. Jaza mchoro kila jioni kabla ya kuoga. Ukiuacha hadi mwisho wa msimu hutakumbuka kama ukuta ulikata sakafu au sakafu iliufikia ukuta, na hapo ndipo penye tarehe yote ya jengo.

Ondoa ya mwisho kwanza. Kabla ya kuondoa chochote piga picha, chora, pima urefu kutoka usawa wa bahari, eleza udongo kwa rangi, ugumu na kilichomo. Badilisha mfuko wa vitu palepale udongo unapobadilika.

Kwa nini nasisitiza? Tazama Timgad. Mji wa Trajan ulikuwa mraba wa mita 355 hivi kila upande, mitaa imenyooka, nao hupigwa picha sana. Uchimbaji wa Wafaransa ulianza 1881 na ukaendelea kwa miongo mingi, ukishuka moja kwa moja hadi kwenye mawe ya barabara. Lakini Timgad ulifurika nje ya mraba wake, ukajenga Kapitolini yake, yaani hekalu kuu, nje, ukawa na hamamu zaidi ya kumi na maktaba ya umma iliyotolewa na raia kwa sesta 400,000, ukawa kitovu cha Wadonati, Wakristo waliojitenga na kanisa kuu, katika karne ya 4, na mwaka 539 jeshi la Bizanti, yaani Roma ya Mashariki, likajenga ngome hapo. Kuta dhaifu, sakafu za udongo na majiko ya karne za mwisho ziliondolewa kwa kiasi kikubwa bila kuandikwa ipasavyo. Tuna mji wa siku ya kwanza. Tumepoteza sehemu kubwa ya maisha ya waliouishi kwa miaka mia nne iliyofuata. Hasara hiyo hairudi.

Hatua ya 8: Chekecha, elesha, hifadhi taka

Chukua angalau lita 40 za udongo kutoka kila tabaka lililotulia, au lote likiwa dogo. Limimine kwenye tangi la maji yanayopanda kutoka chini: mkaa, mbegu na maganda huelea na kunaswa kwenye wavu wa nusu milimita au chini yake, mashapo mazito hubaki kwenye wavu wa milimita moja. Anika kivulini polepole, kwa kuwa jua kali hupasua mbegu zilizoungua. Mashapo yachambuliwe kwa mkono, kipande kwa kipande. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotoa miba ya samaki, magamba ya mayai, shanga na mapovu ya chuma ya mhunzi.

Pompeii, karibu na lango la Porta Stabia, timu ya Chuo Kikuu cha Cincinnati ilichekecha mifereji na mashimo ya taka ya vibanda vya chakula. Ilipata nafaka, dengu, zeituni, mayai na samaki wa bei nafuu, na katika mfereji mmoja kiungo cha mguu wa twiga. Mnyama wa Afrika, amechinjwa na kuliwa kwenye mtaa usio wa matajiri. Colchester, koloni la kwanza Uingereza, lililoanzishwa 49 BK, lilichomwa moto na jeshi la Boudica, malkia wa wenyeji walioasi, mwaka 60 au 61. Katika tabaka hilo la udongo mwekundu zimepatikana tende zilizogeuka mkaa. Walowezi wa nchi ya mvua na baridi walikuwa wakila tende miaka kumi na kidogo tu baada ya kufika. Hakuna hekalu ambalo lingetueleza hilo.

Kama bajeti yako inalazimisha kuchagua kati ya droni mpya na tangi la kueleshea, nunua tangi.

Sakafu za udongo zina siri nyingine. Kata kipande kizima kwa sanduku la bati, kiimarishwe maabara kwa gundi ya utomvu, kikatwe chembamba hadi mwanga upite. Kwa darubini utaona sakafu ilifagiwa mara ngapi, ikapakwa upya lini, na kama mbuzi walilala ndani.

Hatua ya 9: Soma barabara, duka na maji

Barabara ina ushahidi juu ya uso wake. Pima kina na upana wa mifuo ya magurudumu, na angalia ni ukingo upi wa kona uliosuguliwa. Kwa alama hizo Eric Poehler aliweza kuonyesha kwamba Pompeii ilikuwa na mitaa ya kupita upande mmoja tu, na kwamba mikokoteni ilishika mkono wa kulia. Hiyo ina maana kulikuwa na mamlaka iliyopanga na watu waliotii. Tafuta mawe yaliyobadilishwa. Fundi aliyetia jiwe jipya kwenye mfuo alilipwa na mtu, na labda ni zile siku tano za kazi ya umma.

Kizingiti kinasema biashara au makazi. Cha duka kina mfereji mrefu uliochongwa jiweni wa kupitisha mbao za kufungia usiku, na pembeni shimo la bawaba ya mlango mdogo. Cha nyumba kina mashimo mawili ya bawaba na tundu la komeo. Kizingiti cha duka kilichozibwa kwa mawe ni duka lililofungwa. Tarehe ya kuzibwa kwake inaweza kukueleza uchumi wa mtaa kuliko andiko lolote. Kaunta yenye mitungi iliyojengewa ndani usiichukulie kuwa ya supu moto. Mitungi ile inanyonya na ni vigumu kuisafisha, na wengi sasa wanaona iliwekewa vyakula vikavu.

Maji yafuate kutoka yanapoingia hadi yanapotoka. Pompeii ilikuwa na mabomba ya mtaani zaidi ya 40, na wakazi wengi hawakutembea zaidi ya mita 80 hivi kuyafikia. Ukingo wa jiwe umelika pale watu walipoegemeza mkono wakichota. Pima kina cha mliko huo, linganisha bomba na bomba, nawe umepata mtaa uliokuwa na watu wengi. Paipu za risasi hupita kwenda nyumba chache tu, na wakati mwingine zina muhuri wa jina la mwenye haki ya maji. Weka ramani ya paipu juu ya ramani ya ukubwa wa nyumba: ndipo utakapoona heshima na fedha vilipokaa, bila kukisia.

Chooni usione kinyaa. Herculaneum, mji jirani ambao haukuwa koloni, mfereji chini ya jengo moja la vyumba vya kupangisha ulitoa mamia ya magunia ya kinyesi cha kale, na ndani yake miba ya samaki wa aina nyingi, mabaki ya viumbe vya bahari vyenye miiba mwilini, mbegu za tini na za mpopi. Wapangaji wa juu ya maduka walikula vizuri kuliko tulivyodhani.

Hatua ya 10: Tarehe kutoka kwa vigae vya vyungu na sarafu

Sarafu hukuambia tabaka si la kabla ya mwaka fulani. Basi. Iliweza kuzunguka mikononi miaka mia moja kabla ya kudondoka. Vigae vikiwa vingi huaminika zaidi, mradi uvihesabu kwa njia tatu: idadi, uzito, na asilimia ya mdomo uliobaki. Amfora moja nzito, yaani mtungi wa kusafirishia divai au mafuta, ikivunjika hutoa vipande vingi na kilo nyingi, na ukitegemea idadi peke yake utadhani mji mzima ulikunywa divai.

Jifunze aina chache kwa mikono yako kabla ya kusafiri. Amfora ya Dressel 1 ni divai ya Italia ya karne ya 2 na ya 1 KK. Dressel 20, yenye tumbo la mviringo, ni mafuta ya zeituni ya Baetica, Hispania, kuanzia karne ya 1 hadi ya 3 BK. Vyombo vyekundu vya Kiafrika, vilivyofinyangwa Tunisia, vilianza mwishoni mwa karne ya 1 na kuenea Mediterania nzima hadi karne ya 7. Ukiviona vingi kwenye tabaka la juu, mji wako haukufa ulipodhani. Kwa kipindi hiki kaboni ya mionzi mara nyingi hutoa muda mpana kuliko vigae, hivyo itunze kwa tabaka zisizo na kitu kingine.

Hatua ya 11: Watu wenyewe

Makaburi yako nje ya malango, kandokando ya barabara. Strontiamu, elementi itokayo ardhini na kubaki menoni, huonyesha mtu alikulia kwenye miamba ya aina gani. Kaboni na nitrojeni za mfupa huonyesha alichokula. York, iliyokuwa koloni kufikia karne ya 3, kaburi la mwanamke wa karne ya 4 liligunduliwa 1901: bangili za pembe za ndovu pamoja na za jiwe jeusi la Whitby, na kipande cha mfupa chenye maneno ya Kikristo ya kumwita dada. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Reading, 2010, ulipendekeza kwamba alikulia mahali penye joto kuliko York na huenda alikuwa na asili ya Afrika ya Kaskazini. Mimi nautegemea zaidi ushahidi wa meno. Vipimo vya fuvu peke yake ni msingi mwembamba. Mtendee kila marehemu kama mtu: funika eneo, usisambaze picha mitandaoni, na panga tangu mwanzo mifupa itakaa wapi.

Hatua ya 12: Fukia, andika, toa

Tandaza kitambaa cha kupitisha maji juu ya kuta na sakafu, kisha rudisha udongo. Ukuta ulioachwa wazi kwa baridi na mizizi hauchukui miaka mingi kuanguka. Kwa kila wiki moja ya kuchimba, weka bajeti ya wiki mbili au tatu za kuosha, kuandika namba, kuchora na kupima. Anayekosa fedha hizo apunguze shimo.

Peleka takwimu zote, pamoja na picha za rada na orodha ya vigae vilivyoachwa shambani, kwenye hazina ya wazi kama Archaeology Data Service au Open Context, siku ileile unapotoa ripoti. Andika muhtasari kwa Kiitaliano, Kiarabu au Kifaransa, kulingana na wenyeji, na uupeleke kwa manispaa na kwa mwenye shamba uliyelikanyaga. Masanduku ya vigae yawe na lebo mbili, moja ndani na moja nje, zilizoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino hufifia na panya hula karatasi ya nje.